Tyubu ya Rupia Arobaini

Mimi ndiye niliyemuuzia.
Kolhapur, mwezi wa pili wa mvua,
bati la duka la Patwardhan linapigwa ngoma na maji,
akaingia Tushar, mpiga mieleka, mapaja kama magogo,
akainamia kaunta, akanong'ona
kama mtu anayekuja kukopa:
"Kuna kitu hapa kiunoni. Kinaniwasha."

Sikumwambia anionyeshe.
Nyuma yake wanawake wawili walingoja dawa ya kikohozi.
Nikanyoosha mkono rafu ya tatu,
tyubu ya rupia arobaini,
ile ambayo watu huiagiza kwa rangi, si kwa jina.
Paka asubuhi, paka jioni.
Basi.

Siku ya nne mwasho ulinyamaza.
Akaniletea vitamutamu vya maziwa, boksi zima,
nami nikala, nikajiona tabibu.
Nani angeniambia kuwa kunyamaza si kupona?
Mle ndani mlikuwa na steroidi,
humlaza mlinzi usingizi
ikamwachia mwizi funguo.

Alininunulia tyubu kumi na moja. Nilizihesabu baadaye, daftarini.

Kufikia Diwali choa kilikuwa kimeparamia mgongo:
duara ndani ya duara, ndani ya duara,
kingo zimefifia, kama mtu aliyevaa barakoa,
na kwenye nyonga ngozi imekonda, ina michirizi myekundu.
Mwalimu wao bado anasema udongo wa uwanjani unatosha,
una manjano, una ndimu, una samli,
umewaponya babu zao.
Vijana ishirini wanagaragara humo, kifua kwa kifua.

"Twende wote," Tushar akasema,
"wewe ndiye unayejua majina ya dawa."

Daktari Mrunalini Ghorpade hakugomba.
Alikwangua ukingoni, si katikati,
kwa kisu butu, taratibu, kama anayekwaruza ukoko wa wali.
Magamba yakaanguka juu ya kioo.
Tone la potashi. Tukangoja.
Nje, mtu alikuwa anapigia teksi kelele.
Kisha akanisogezea hadubini: "Tazama."

Nikaona muwa.
Naapa, niliona muwa,
mwembamba, una pingili, unatambaa na kuchipua matawi,
shamba zima limeoteshwa juu ya ngozi ya rafiki yangu
na mimi ndiye niliyekuwa nalitilia mbolea.

"Choa ni kama moto wa shambani," alisema akiandika.
"Katikati majivu, ukingoni ndimi.
Upake kupita ukingo, vidole viwili nje.
Kidonge kila siku, baada ya kula, hadi nikuone tena.
Kikinyamaza, usiache. Hapo ndipo wengi wanapoacha.
Mieleka, hapana, kwa sasa.
Winda lako lifuliwe peke yake, maji ya moto,
lianikwe juani, ndani nje.
Taulo unashiriki na nani?"

Na kaka. Na mama.
"Waje."

Kisha, bila kuinua macho:
"Na wewe? Umejikuna mara nne tangu uingie."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema,
nami miaka yote nilidhani wanazungumzia watu.
Nikafungua mkanda.
Aibu ina joto lake, unyevu wake,
nayo huota vizuri gizani.

Tushar alirudi uwanjani mwezi wa pili, ana madoa ya kahawia
mahali palipokuwa na moto.
Mimi nimerudi kaunta.
Nimejifunza neno moja tu: nionyeshe.
Jana nimemwambia karani mmoja, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa.
Nionyeshe, kaka, au nenda kwa daktari, orofa ya pili.
Akanitazama kama niliyemtukana.
Akakunja mwavuli, akavuka barabara
kwenda duka la pili,
rupia arobaini tayari mkononi.